Wifi Yangu na Sura ya Upinde

Watu wakitaka kumweleza wifi yangu huanza na mdomo wake. Mimi nasema waanze na magauni. Huyu mwanamke hajawahi kuweka sanamu ya kuvalisha nguo mlangoni kama mafundi cherehani wengine. Sanamu ni yeye mwenyewe. Akibuni mshono mpya anajishonea kwanza, anauvaa, anatoa kiti nje ya chumba chetu cha kazi na kukaa na kikombe cha chai, mguu juu ya mguu, barabara nzima ikimpitia hapo. Kabla chai haijapoa atakuwa keshapata mteja wa kumwambia, nishonee kama hilo hilo. Mteja mwenyewe pengine ana umbo jingine kabisa, lakini wifi habishani na mtu. Anampima, anamsifia, na akishampa kisogo ananigeukia mimi: tumwachie huyu kitambaa cha kutosha ubavuni, mama wa watu apate pa kuhemea.

Mimi ni mke wa kaka yake. Kaka mtu ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani anapita kama mgeni, kwa hiyo ukweli usemwe, ndoa yangu nimeishi zaidi na wifi kuliko na mume. Yeye anakata na kushona. Mimi napiga pasi, natoboa matundu ya vifungo na kumalizia pindo kwa mkono. Chumba chetu kina cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, kioo kilichopasuka pembeni na waya wa kutundikia nguo zilizokwisha. Tunaanza kugombana tunapofungua kufuli. Ataniambia pindo langu limepinda, nitamwambia jicho lake ndilo limepinda. Wifi na wifi, mnajua wenyewe. Lakini ole wako mgeni utie mguu kwenye ugomvi wetu, tutakugeukia wote wawili na hutajua ulipotokea.

Mtaani wanamwita Futi, kwa sababu futi ya kupimia haimtoki shingoni. Alishaenda nayo msibani bila kujijua, akawa analia na futi inaning'inia kifuani kama nishani, mpaka mimi nikashindwa kulia vizuri. Aliolewa mara moja, na mwanaume mwenye maneno matamu na mikono mizito. Alivumilia, akavumilia, halafu siku moja akabeba cherehani yake, akaacha vyombo na vitanda, akarudi kwao. Watoto hakujaliwa. Binti yangu ndiye binti yake. Huyo amekulia chini ya meza ya kukatia, akicheza na vipande vya vitambaa, na alichonyimwa na mama alikipata kwa shangazi. Nilikuwa nikimkatalia jambo, namsikia huko nyuma shangazi mtu anamnong'oneza, mwache, tutajua la kufanya.

Basi binti huyo akawa mwandishi. Msiniulize ametoa wapi, kwetu sisi hakuna hata anayeandika barua. Anaandika hadithi za vijana, wale ambao si watoto tena na ukubwa bado, na kitabu chake cha kwanza kilichapishwa tukakipitisha nyumba kwa nyumba kama harusi. Kila Jumamosi mchana anakuja na makaratasi yake, anakaa juu ya gunia la vitambaa, anatusomea. Na ana mtindo wake wa kujua kama kazi ni nzuri. Yeye hatuangalii sisi usoni. Anasikiliza cherehani ya shangazi yake. Ikiendelea kukimbia, anachora mstari kwa penseli, kwamba hapo pamepooza, arudie. Miguu ya shangazi ikisimama kwenye kanyagio, ukurasa umepita. Mimi hanisikilizi kabisa. Anasema mama analia hata kwenye matangazo ya sabuni.

Kitabu cha pili kilikuwa cha wanawake wapiganaji, wale wa hadithi za kale kabisa, walioishi peke yao ng'ambo ya mto, wakapanda farasi na kupigana na majeshi ya wanaume na kuyakimbiza. Jamani, wifi aliwapenda wale wanawake. Aliwazungumzia kama majirani waliohamia nyumba ya pili. Atakuwa anakata shingo ya gauni, ghafla anauliza, kwani nani alikuwa anawashonea? Au ananyanyua mkasi na kusema yule malkia wao anajidai mno, na mwishowe atakiona. Kulikuwa na binti wa malkia, msichana wa miaka kumi na sita, muoga wa farasi, na huyo wifi alimshika mkono tangu ukurasa wa kwanza. Ikawa tukigombana ananiambia, ungekuwa jeshini kwao ungewekwa jikoni.

Siku ya sura ya upinde naikumbuka. Kwenye hadithi hizo, msichana akifika umri wa kukabidhiwa upinde wake, anakatwa titi la upande wa kuvutia mshale, ili lisimzuie. Binti yangu aliandika habari hiyo kwa maneno machache: msichana hakulia, hakufumba hata jicho, akapanda farasi na mshale wake wa kwanza ukachoma katikati ya ngao. Mimi nilijishika kifua kwa mikono miwili. Cherehani ya wifi ilikuwa kimya. Baadaye akasema wasichana wa siku hizi wakitobolewa sikio tu wanazirai, akaingiza kitambaa chini ya sindano na kuendelea. Ukurasa ulipita.

Haukupita muda akajishonea gauni jipya, la kijani, la kubana kifuani. Akalijaribu, akasema mshono unamkwaruza upande mmoja. Nani alaumiwe? Mimi. Eti pasi yangu ya moto imevuta kitambaa. Akalifumua, akalishona upya, akalivaa tena mbele ya kioo, na pale pale mshono ukamkwaruza. Nikiwa nimeshakunja uso kujibu, nikaona mkono wake umeingia ndani ya gauni na umetulia. Nilimwona kwenye kioo tu, na nikajua gauni halina kosa.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, mwenye sauti ya taratibu. Baada ya vipimo vyote alitukalisha, akatuambia uvimbe ni wa ile aina mbaya. Kwa bahati haujasambaa. Titi la kushoto litolewe lote, na litolewe mapema, kisha dawa zitafuata, na wapo wengi waliopona kwa njia hiyo. Akisubiri, basi. Hilo la mwisho hakulimalizia na hatukumuuliza. Wifi alimshukuru, akajifunga kilemba vizuri, akapewa tarehe ya upasuaji. Tulipotoka nje akasema kuna suti ya bwana harusi inamsubiri, tufanye haraka.

Tarehe ilifika, yeye akaenda kupeleka sare za shule. Aliondoka asubuhi na mapema na mzigo kichwani kabla sijaamka, ili nisimkamate. Nilipompata nilimsema mpaka mate yakanikauka. Nilimwita mjinga, nilimwita mbinafsi, nilimwita na mengine ambayo siyarudii hapa. Yeye anasukuma cherehani tu. Mwishowe akanijibu, bila kunitazama, kwamba watu wananunua nguo kwa kuziona mwilini mwake. Atakaa vipi pale nje upande mmoja umejaa na mwingine umebonyea? Atakuwa fundi gani?

"Na kaburini je?" nikamwambia. "Huko utamvalia nani?"

"Angalau nitazikwa nikiwa kamili," akasema.

Nililia, sikujizuia. Akanirushia kitambaa cha kufutia, akaniambia nisidondoshee machozi satini ya watu. Huyo ndiye wifi yangu. Nilitamani kumpiga na nilitamani kumkumbatia, na sikufanya lolote kati ya hayo. Nilikwenda mwenyewe hospitali kuomba tarehe nyingine. Daktari alinipa, akaniambia nimfikishie mgonjwa kwamba hii nayo ikipita, yeye hawezi kuahidi tena kitu. Nikamfikishia. Wifi akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya uzi imepanda.

Binti tulimwambia siku chache baadaye, maana hatukuweza kuendelea kumficha. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya gunia lake akitazama mikono yake, akauliza maswali mawili matatu ya hospitali, akaondoka. Nikajua kuna kitu anakipika kichwani. Mume wangu naye alipiga simu kutoka huko safarini, akaomba azungumze na dada yake, na mtu mzima yule, anayejua kutukana kwa lugha nne, akaishia kumuuliza kama mvua imenyesha.

Jumamosi iliyotangulia tarehe yenyewe, binti akaja na makaratasi kama kawaida. Akasema ameirudia sura ya upinde, ameiboresha, tusikilize. Mimi nilikuwa napasi kola ya shati. Wifi alikuwa anashona bitana ya ndani ya koti.

Akasoma. Mto ule ule, farasi wale wale, malkia amesimama na podo la mishale mgongoni. Msichana akaitwa mbele. Safari hii hakukatwa. Alifungwa ukanda mpana wa ngozi kifuani, akakabidhiwa upinde, wenzake wakashangilia, akapanda farasi. Yalikuwa maneno mazuri, siwezi kusema uongo. Ukanda ulielezwa mpaka nakshi zake.

Cherehani ikasimama. Na binti yangu, maskini, alipoisikia imesimama, uso wote ukamchangamka. Alidhani ukurasa umepita. Akaendelea kusoma kwa sauti ya juu zaidi, kwa madaha, akageuza karatasi ya pili. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa kumwona wifi usoni, na nilichokiona hakikuwa furaha. Nilimkonyeza binti anyamaze. Hakuniona.

"Rudi nyuma," wifi akasema.

Binti akauliza wapi.

"Pale anapoitwa. Walimkata wapi?"

Binti akaanza kueleza. Akasema amesoma zaidi, wataalamu wanasema habari ile ya kukatwa ilizushwa baadaye tu, hata michoro ya kale inawaonyesha wanawake wale wakiwa na matiti yote mawili. Akasema ameona bora aandike kilicho sahihi. Alieleza haraka haraka, na anapoeleza haraka namna hiyo tangu mtoto mimi najua kuna jambo anaficha.

Wifi akamsikiliza mpaka mwisho. "Na yule farasi wa malkia anayeongea," akauliza, "wataalamu wanamsemaje?"

Binti akainamia makaratasi yake.

"Umewarudishia matiti kwa ajili yangu."

"Sikutaka uumie, shangazi," binti akasema. "Niliisoma tena nikaona aibu. Nimeandika jambo kama lile kwa mistari minne, kama mchezo, halafu wewe..."

Wifi aliivua futi shingoni, akaiviringisha kidoleni, akaiviringua. Sijawahi kumwona anatafuta maneno, huyu ambaye maneno humtoka kabla hujamsalimia. Halafu akasema, polepole, na mimi nayakumbuka yote.

"Mama yako ananisema kila siku. Daktari amenisema. Ndugu yangu ananiuliza habari za mvua. Wote hao wana miili yao kamili. Niliokuwa nikienda nao ni wale wanawake wapiganaji tu. Nikikaa hapa nashona nawawaza. Jeshi zima, kila mmoja upande mmoja, na hakuna anayemwuliza mwenzake gauni litakaaje. Hata nilishajipangia. Langu ni la kushoto, nikasema basi nitajifunza kuvuta upinde kwa mkono wa kushoto. Nilikuwa nakaribia kuzoea. Sasa wewe umekuja umewafanya wazima wote. Nimebaki peke yangu."

Ndipo tukasikia harufu, na kumbe pasi iko juu ya kola ya watu muda wote huo. Nikainyanyua, kola imeshakuwa kahawia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, wifi aliona nimeunguza nguo na hakusema neno.

Binti akashuka kwenye gunia, akaja akapiga magoti mbele ya cherehani, akaweka kichwa mapajani mwa shangazi yake. Akasema atawarudisha kama walivyokuwa. Atairudisha ile ya kwanza, neno kwa neno.

"Ile ya kwanza nayo siitaki," wifi akasema. Alikuwa anamshika nywele. "Ilinifurahisha nilipokuwa mzima. Eti hakulia, hakufumba jicho, akapanda farasi. Siku hiyo hiyo? Jeraha lilifungwa na nani? Usiku alilala ubavu gani? Mkono ulinyanyuka lini? Nguo ya kwanza aliyovaa ilikuwa ya namna gani, ilimkwaruza, haikumkwaruza? Msichana wa miaka kumi na sita atasoma hapo aamini kwamba yeye akilia hafai jeshini."

"Sijui, shangazi," binti akasema. "Hayo mimi siyajui."

Wifi alitazama nje mlangoni. Kiti chake kilikuwa pale nje, kitupu, watu wanapita. Nilitaka kuongeza neno langu, nikauma ulimi. Nilijua nikifungua mdomo tu nitaharibu.

"Basi usiiandike," akasema. "Iache wazi mpaka nirudi. Nitakuja nikuambie."

Akainama, akachukua bitana, akasukuma cherehani. Mimi nikatoka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, nikalia vizuri, mahali pasipo na satini.

Siku ya upasuaji alijifunga kibwebwe, kama anakwenda kulima. Njia nzima alinisimanga kuhusu ile kola, na mimi nilimwacha anisimange, maana nilijua anafanya nini. Hospitalini wakampa gauni lao la kufunga nyuma. Akalipindua, akakagua mishono, akamwuliza muuguzi ni fundi gani aliyekosa haya kiasi hiki. Muuguzi akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu alikuwa amenishika mkono chini ya shuka na kuubana mpaka ukaniuma.

"Naogopa, wifi," akaniambia.

"Hata mimi," nikamwambia. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumtia moyo, yote yakanipotea. Tukaogopa pamoja mpaka walipokuja kumchukua.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Daktari alikuja mwenyewe kutuambia, nikamshika mikono yote miwili nisiweze kuiachia. Tuliporuhusiwa kuingia, wifi alikuwa amelala chali, amefungwa bendeji kifuani, midomo imepasuka kwa kiu. Alionekana mdogo. Nimemzoea akijaza mlango, na pale kitandani alionekana kama msichana. Nilimpa maji kwa kijiko, nikammwagia shingoni. Akafungua jicho moja na kunitazama kwa chuki ya kawaida, moyo wangu ukatulia.

Binti alikuwa upande wa pili wa kitanda. Makaratasi alikuwa nayo kwenye mkoba lakini hakuyatoa. Wifi akageuza kichwa, akamwona, akamwambia atoe kalamu.

"Pumzika kwanza, shangazi."

"Toa. Habari hii nimeinunua ghali, isije ikapotea." Akameza mate. "Andika inauma. Hivyo hivyo, usiipambe."

Binti akaandika.

"Andika alilia. Alimwita mama yake, na mama yake alikufa zamani, akamwita tu. Andika mkono haunyanyuki. Andika alitaka kujitazama halafu akaogopa, akasema atajitazama kesho. Na wifi yake alimmwagia maji shingoni."

Kalamu ilikuwa inakimbia na machozi yanadondoka juu ya wino. Mimi nilikuwa nimeshika vidole vya mguu wake kupitia shuka, maana hapo ndipo mahali pekee nilipokuwa na hakika sitamuumiza. Binti akafuta uso kwa kiganja, akauliza taratibu, na upinde je, shangazi? Upinde anapewa lini?

Wifi alikuwa ameshafumba macho. Tukadhani usingizi umemchukua.

"Upinde utangoja," akasema. "Mwache kwanza alale."

Binti akafunika kalamu yake. Mimi nikavuta shuka, nikamfunika mpaka mabegani.